Glavu Mbili za Sista

Sista alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine. Akajifunga aproni ya plastiki, akapandisha barakoa, ndipo akaishika bomba la sindano. Dawa yenyewe haikuwa na rangi wala harufu; ungeambiwa ni maji ya chupa ungekubali. Akaisukuma taratibu kwenye mrija wa dripu ya mpwa wangu, jicho moja kwenye mrija, jingine kwenye saa ya ukutani. Dada yangu alisimama upande wa miguuni. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anazitazama zile glavu.

"Sista, samahani. Kama wewe mwenyewe unaogopa kuigusa, mbona unamtia mwanangu?"

Sista akacheka kidogo, si kwa dharau. "Mama Masanja, mimi naishika kila siku, miaka nenda rudi. Yeye ataipata mara chache tu." Kisha akatoa masharti: mtoto anywe maji mengi, akojoe mara kwa mara, hata usiku aamshwe akojoe. Mkojo na matapishi yake yasishikwe kwa mkono mtupu kwa siku mbili. Nguo zake zifuliwe peke yake.

Alipoondoka, dada akanigeukia. Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita, kwa hiyo kwenye ukoo wetu kila cheti cha hospitali lazima kipitie mikononi mwangu, hata cha jino. "Haya mwalimu, nieleze wewe. Hii ni dawa au ni sumu?"

Nikamjibu jibu la kijinga: nikasema ni dawa kali. Alinikazia macho mpaka nikatoka nje kununua maji.

Masanja ana miaka sita. Shida ilianza na jino kulegea. Akapelekwa dispensari moja, jino likang'olewa, akapewa vidonge vya maumivu. Wiki haikuisha, la jirani yake nalo likalegea, na shavu likaanza kuumuka kama andazi. Bibi yake alisema usaha. Mwingine akasema karogwa. Tulipofika hospitali kubwa, daktari alimfunua mdomo kwa kijiti, akapapasa taya pande zote mbili, akapapasa tumbo, na kabla hajaagiza kipimo chochote nikamwona anaandika neno moja: Burkitt. Majibu ya kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa kupimwa yalipotoka yakathibitisha. Ni saratani ambayo seli zake zinaweza kujizidisha maradufu ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe wowote mwingine wa binadamu kuufikia kwa mbio hizo ni kazi.

Dawa aliyotiwa siku ile inaitwa saiklofosfamaidi. Usiku, nikiwa nje ya wodi na simu yangu, nilisoma maelezo yake mpaka nikafika mahali palipoitaja familia yake: haradali ya naitrojeni. Haradali! Kwangu haradali ni zile mbegu ndogo za kwenye achari. Nikaendelea kusoma, na usingizi ukakatika.

Julai 1917, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, Wajerumani walirusha makombora yenye kitu kipya. Askari wa Uingereza walisikia harufu kama ya haradali au kitunguu saumu. Haikuwabana pumzi kama klorini waliyoizoea, na baadhi yao wakaona si neno. Baada ya saa kadhaa macho yakaanza kuwavimba na kufumba, ngozi ikatoa malengelenge makubwa ya maji, koo likawababuka. Watu wameizoea kuiita gesi ya haradali ingawa ni kimiminika chenye mafuta mafuta kinachotoa mvuke. Ubaya wake ni huo wa kuchelewa: kemikali imeshashika ndani ya dakika chache, mwili ndio unaokuja kujua baadaye. Wafaransa waliipa jina la mji ule, yperite. Waitaliano nao wakaiita iprite, na wakaimwaga kutoka kwenye ndege juu ya Wahabeshi, askari na wanavijiji, mwaka 1935 na 1936. Haile Selassie aliisimulia mvua hiyo mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa ule wa zamani, Geneva, Juni 1936. Kwa hiyo tusidhani ni habari ya Ulaya peke yake.

Madaktari waliowachunguza wahanga wa vita vile waliona jambo na kuliandika mwaka 1919: chembechembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka, na uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, umekauka. Karatasi hizo zikakaa kabatini. Wazo la kwamba kinachoua chembe nyeupe huenda kikaua saratani ya chembe nyeupe lilisubiri mpaka 1942, pale chuo kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walipomdunga haradali ya naitrojeni, ndugu wa gesi ile ya Ypres, mgonjwa mmoja ambaye kumbukumbu zinamtaja kwa herufi mbili tu, J.D. Uvimbe wake uliyeyuka. Kisha ukarudi, na mwaka haukuisha akafariki. Mwaka uliofuata, usiku wa Desemba 2, ndege za Ujerumani zikaipiga bandari ya Bari, Italia, na kuilipua meli ya Marekani iliyobeba mabomu 2,000 ya haradali kwa siri. Mamia ya mabaharia waliletwa hospitali wakinuka kitunguu saumu, na madaktari hawakuambiwa wanatibu nini. Wengi husimulia kwamba kemo, yaani kutibu saratani kwa kemikali, ilizaliwa Bari. Si kweli. J.D. alikuwa ameshazikwa.

Lakini haya yote yanasema tu kwamba sumu hii inaua seli. Aliyegundua inagusa nini hasa alikuwa mwanamke mmoja mfupi wa kimo, Charlotte Auerbach, na huyu ndiye ningependa wanafunzi wangu wamjue kabla ya wote.

Auerbach alizaliwa Ujerumani mwaka 1899, Myahudi, mwalimu wa baiolojia wa sekondari (na mimi hapo nilitabasamu). Mwaka 1933 walimu Wayahudi walipofukuzwa kazi, akakimbilia Edinburgh, Uskoti, akaanza upya masomo ya jeni. Wataalamu wa dawa pale chuoni walikuwa wameona kwamba vidonda vya haradali vinafanana na vidonda vya eksirei: vinachelewa kutokea, vinachelewa kupona, na vikipona vinaweza kuchimbuka tena. Sasa eksirei ilijulikana tangu 1927, kupitia kazi ya Hermann Muller, kwamba inabadilisha jeni. Je, haradali nayo?

Mwishoni mwa 1940, wakati mabomu yanaanguka Uingereza, Auerbach na mwenzake J. M. Robson wakaanza kuwafukizia haradali wale vijinzi wadogo wanaojaa kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kazi ya kuwafukiza ilifanyika juu ya paa la jengo, vyombo duni, na mikono yake iliungua vibaya. Ila vijinzi vilimpa jibu. Watoto wa kiume wa baadhi ya mistari ya uzao hawakuonekana kabisa: jeni kwenye kromosomu ya X ya babu yao, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi, ilikuwa imeharibiwa kiasi cha kuwaua kabla hawajatoka kwenye buu. Idadi ya mistari hiyo ilizidi ile ya vijinzi visivyofukizwa kwa mbali mno, haikuwa ya kubahatisha. Kwa mara ya kwanza kemikali ilithibitishwa kubadilisha urithi wenyewe. Muller alimpelekea simu ya maandishi ya pongezi mwaka 1941, lakini dunia haikuambiwa. Haradali ilikuwa siri ya vita; matokeo yalichapwa 1946.

Kuna kitu alichokiona kinachonisumbua mpaka leo. Mara nyingine kijinzi kilichofukizwa kilizaa watoto wazima, na kasoro ikajitokeza baadaye, kwenye sehemu tu ya mwili wa mtoto au kwa wajukuu. Uharibifu ulikuwa umeingia na kukaa kimya, ukasubiri nyuzi zinakiliwe. Ni ucheleweshaji uleule wa ngozi ya askari wa Ypres, safari hii ukivuka kizazi.

Sasa nije kwenye DNA yenyewe, vinasaba kama magazeti yetu yanavyoita. Dada yangu ni fundi cherehani, hivyo siku ya pili wodini nilijaribu kwa lugha ya kazi yake. Fikiria zipu, nikamwambia. Pande mbili, meno yanaingiana. Seli ikitaka kuzaa, lazima ifungue zipu mpaka mwisho, kisha kila upande utengenezewe mwenzake mpya. Molekuli ya haradali ina mikono miwili, na kwenye ncha ya kila mkono kuna atomu ya klorini. Klorini ikiachia, mkono unajikunja kuwa kipete chenye msongo mkubwa, na kipete hicho hakitulii mpaka kishike kitu. Ndani ya DNA kitu kinachoshikika kirahisi kuliko vyote ni herufi G, guanini, kwenye naitrojeni yake namba saba, iliyochomoza nje kama kidole. Peter Brookes na Philip Lawley walilionesha hilo London mwaka 1960.

Mkono mmoja ukishika, herufi hiyo imechafuka. Inaweza kung'oka, au ikasomwa vibaya, na nakala ikatoka na makosa. Lakini ule mkono wa pili nao ukipata guanini upande wa pili wa zipu, ndipo mambo yanaharibika kabisa. Pande mbili zimeshonwa pamoja.

"Kama mtu amepitisha mshono juu ya zipu," dada akasema.

Hasa. Mishono ya namna hiyo ni michache kati ya majeraha yote yanayoachwa na dawa, ila michache inatosha. Seli inayojaribu kuzaa inafika penye mshono, inakwama, inaita mafundi wake. Mafundi wapo, seli zetu zimejaliwa karakana nzima ya kurekebisha DNA, lakini wanahitaji muda. Seli ya taya la Masanja haina muda. Inajigawa leo na kesho. Inakufa kabla haijafumua mshono. Bahati mbaya nywele, utumbo na uboho navyo vina haraka. Ndiyo maana siku ya kumi na mbili tuliokota nywele kwenye mto kama mtu aliyenyolewa usingizini.

Na maji? Saiklofosfamaidi ilipotengenezwa Ujerumani miaka ya 1950 ilikusudiwa iwe haradali iliyofungwa mdomo. Haina makali mpaka ipite kwenye ini, ambako vimeng'enya vinaifungua. Ikifunguka inatoa vitu viwili: haradali yenyewe inayokwenda kushona zipu, na takataka moja iitwayo akrolini. Akrolini inajikusanya kwenye kibofu, na ikikaa humo inakiunguza mpaka mkojo uwe damu. Kumbe usumbufu wote ule wa kumwamsha mtoto saa nane usiku akojoe ni kuiondoa akrolini mlangoni. Nilipomweleza dada hivyo aliacha kulalamika, akaanza kuhesabu vikombe kwa kuchora mistari kwa kalamu kwenye boksi la juisi.

Kumbe hiyo naitrojeni namba saba ya guanini haiwaniwi na haradali tu. Ukungu wa kwenye mahindi yaliyoanikwa vibaya unatoa sumukuvu, aflatoksini. Nayo ikipita kwenye ini inafunguliwa makali, na inakwenda kukaa palepale, naitrojeni ileile namba saba. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui na wilaya jirani, Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi ya aina hiyo na 125 wakafa. Hao waliuawa na ini kushindwa ghafla. Wale wanaokula kidogo kidogo kwa miaka wanaingia kwenye hesabu nyingine, ya saratani ya ini, na hatari inapanda mno kwa mwenye kirusi cha homa ya ini aina ya B. Unga tunaununua kwa kuangalia weupe.

Nimefika kwenye virusi, na hapa nitakaa, maana ndipo niliposhangaa zaidi.

Kirusi ni nini ukikivua mapambo? Ni barua ndani ya bahasha. Barua ni DNA au ndugu yake RNA, bahasha ni protini, wakati mwingine na koti la mafuta juu. (Kitakasa mikono cha pombe kinachana lile koti la mafuta na kuvuruga protini, barua hakiigusi sana. Jik ni jambazi wa jumla, inashambulia bahasha na barua pamoja.) Nje ya seli kirusi hakipumui, hakili, na hakina fundi. Seli yangu ikichafuliwa guanini moja asubuhi, huenda mchana imesharekebishwa. Kirusi kilichochafuliwa asubuhi kitabaki na uchafu huo mpaka kibahatike kuingia kwenye seli ya mtu mwingine, na kama zipu yake imeshonwa, kitakuwa kimeingia bure.

Baada ya vita, Mmarekani Roger Herriott alizichukua faji, virusi vinavyowinda bakteria, akaziweka kwenye haradali. Mwaka 1948 alitoa matokeo. Faji zilipoteza uwezo wa kuzaa kwa kipimo kidogo cha sumu, kipimo ambacho protini nyingi hazijaanza hata kusumbuka. Bahasha bado nzima. Kirusi kinatua kwenye bakteria, kinashikilia miguu yake, kinafanya kila ishara ya ushambulizi, lakini uzao hakuna. Kumbuka 1948 wakubwa wengi wa sayansi bado waliamini urithi umo kwenye protini. Ilibidi Alfred Hershey na Martha Chase waje 1952 kuonesha, kwa faji hizohizo, kwamba kinachoingia ndani na kuamuru uzao ni DNA. Lakini haradali ilikuwa imeshanong'ona.

Herriott na mwenzake Price wakageuza jaribio. Safari hii wakawatia sumu bakteria na kuziacha faji salama. Bakteria wakawa wafu kwa maana ya kuzaa: ukiwapanda kwenye sahani hawaoti. Kisha wakawaingizia faji nzima. Ungetarajia nini? Mimi nilitarajia kimya. Faji zikazaa! Ndani ya bakteria ambaye mwenyewe hawezi tena kujigawa, kirusi kilipata kila kitu kilichohitaji, kwa sababu kilikuja na barua yake safi. Mitambo ya kutengeneza protini ilikuwa bado inazunguka, iliyoharibika ni barua ya mwenye nyumba tu. Mwenye shamba kafa, trekta linawaka, mwizi kalima.

Niliposoma hilo nilimfikiria Masanja kwa namna ambayo sikuipenda. Maana yake ni kwamba kuharibu DNA ya mwenyeji si lazima kumzuie mgeni. Vipo pia virusi vinavyolala ndani ya DNA ya bakteria vizazi kwa vizazi, na kinachoviamsha ni uharibifu. Kwenye maabara, ukitaka kumwamsha faji aliyelala aitwaye lambda, unampa bakteria wake mitomaisini, dawa ambayo nayo ni ya saratani na nayo inashona zipu. Bakteria anapiga kengele kwamba DNA yake imeumia, kengele hiyo inavunja kufuli lililomlaza kirusi, kirusi kinaamka, kinajizidisha, kinatoka. Panya anahama jahazi kabla halijazama. Sumu ileile, kwa faji aliye nje wazi ni kaburi, kwa aliyelala ndani ni jogoo.

Ndiyo maana hakuna daktari anayetibu Ukimwi wala malengelenge ya herpes kwa haradali. Kirusi kimo ndani ya nyumba yetu, kinatumia jiko letu. Ukichoma nyumba umechoma nani? Waliofaulu walikuja na hila badala ya rungu: matofali bandia. Asaikloviya, dawa ya herpes iliyotoka kwa mtafiti Gertrude Elion, inafanana na herufi G lakini haina kishikizo cha kuunganishia herufi inayofuata. Kimeng'enya cha kirusi kikiiweka kwenye mnyororo, mnyororo umeishia hapo. Tena dawa hiyo inawashwa na kimeng'enya cha kirusi mwenyewe, seli ambayo haijaambukizwa haiiwashi kirahisi. AZT, dawa ya kwanza ya Ukimwi iliyoidhinishwa mwaka 1987, ilikuwa imetengenezwa 1964 kwa ajili ya saratani na kushindwa. Kidonge cha kila siku wanachomeza ndugu zetu leo kina tenofoviya na lamivudini ndani yake, matofali bandia mawili.

Rungu hata hivyo lina mahali pake, na ni mahali ambapo huenda nawe msomaji umepita. Mwaka juzi niling'atwa na mbwa wa jirani, nikachomwa sindano za kichaa cha mbwa begani kwa wiki kadhaa. Virusi vilivyomo kwenye chanjo hizo vimeuawa kwa beta-propiolaktoni, binamu wa haradali kitabia: nayo inakamata guanini. Inaharibu barua na kuiacha bahasha ikitambulika, ili askari wa mwili waikariri sura. Uzuri wake haikai. Ukiiacha kwenye joto la mwili ndani ya maji, baada ya saa chache imejivunja yenyewe, haipo. Chanjo ya Sinopharm ya Uviko ilitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa nimebeba begani virusi vilivyouawa na ukoo uleule wa sumu uliokuwa ukimwingia Masanja mkononi, na sikujua.

Turudi kwenye ugonjwa wake, maana historia yake ni ya hapahapa kwetu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Baadaye akaenda Jinja, akatazama nje dirishani, akaona mtoto mwingine ana sura ileile. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford wakazunguka maili 10,000, kupitia Kenya, Tanganyika na kusini zaidi, wakionesha picha hospitali kwa hospitali: mmewahi kumwona mtoto wa hivi? Penye joto na mvua, ndiyo. Nyanda za juu zenye baridi, hapana. Ramani ya uvimbe ilikaa juu ya ramani ya malaria kama kanga juu ya kanga.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliokaa kusikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtu wa virusi. Wakapatana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu kutua London ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kwa Epstein jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yenye vijidudu. Angeweza kukimwaga. Akaweka tone kwenye hadubini, akakuta seli zilizo hai zimejitenga na kuelea. Kutoka kwenye seli hizo, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi, wakakitangaza 1964. Ni kirusi cha DNA, herufi kama 172,000 pande mbili. Zile faji za Herriott zinakaribia urefu huohuo.

Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na Burkitt alichokuwa nacho ni dawa za kujaribu: saiklofosfamaidi, methotreksati, vinkristini. Nairobi nako Peter Clifford alikuwa akitumia haradali ya naitrojeni. Watoto wenye uvimbe wa kuziba jicho waliamka siku chache baadaye uso umerudi. Wengine walipewa dozi moja au mbili tu, wakaenda kijijini, na miaka baadaye walitafutwa wakakutwa wanasoma shule. Saratani kupona kwa dawa peke yake, miaka ya 1960, kwa dozi mbili! Dunia ilijifunza hilo Afrika Mashariki. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wakinung'unika kwamba sayansi yote ya vitabuni ilitokea kwingine.

Masanja naye alifuata njia hiyo. Siku ya tatu baada ya dripu, shavu lililegea kama puto lililotobolewa na sindano nyembamba. Daktari hakufurahi sana. Alikuwa anaogopa figo, kwani seli zikifa kwa wingi kwa mpigo takataka zake zinaweza kuziba figo. Maji tena. Vikombe tena. Boksi la juisi lilijaa mistari, likaletwa la pili. Siku ya tano alimwambia mama yake anataka kutafuna, akapewa kipande cha sangara kisicho na mwiba, akakitafuna upande mmoja, polepole, akinitazama kama anayeshangaa kwamba taya linafanya kazi.

Tulirudi kwa mizunguko mingine. Sista alivaa glavu mbili kila mara, na mara ya tatu dada alimsaidia kufunga kamba za aproni kwa nyuma.

Jioni moja nyumbani, Masanja akiwa amelala kwenye mkeka na kofia yake ya sufi, dada aliniuliza alichokuwa amekiweka moyoni muda wote. "Kile kirusi ulichokisema. Dawa imekimaliza?"

Nikamwambia hapana. Zile seli za uvimbe zilizokibeba zimekufa nacho humo ndani. Lakini kwingine kipo, kimejikunja ndani ya chembe nyeupe chache ambazo hazina haraka ya kujigawa, na dawa haina shida na asiye na haraka. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wanacho. Wewe unacho. Mimi ninacho. Sista anacho.

Alinyamaza kwa muda, mguu wake ukicheza kwenye kanyagio la cherehani bila kushona kitu.

"Na kinafanya nini humo?"

"Kimelala."

Akamwangalia mwanawe pale mkekani, akaamka kwenda kuchota kikombe cha maji, akarudi akakiweka karibu na kichwa chake bila kumgusa.

"Saa nane nitamwamsha," akasema.

"Dawa ilishatoka mwilini tangu juzi, dada. Si lazima tena."

"Nitamwamsha."